Siku Jenereta Ilipozimwa Kambini

Wambui mjukuu wangu,

Huku Kabazi tuko wazima, na ng'ombe amezaa. Umeuliza kama sola ambazo shirika lenu linaweka kwa kliniki zinasaidia watu, ama ni kupunguza moshi tu.

Baada ya vita vya uchaguzi, tulipokimbilia kambini Nakuru, hema letu lilipakana na kliniki. Jenereta ya friji ya chanjo ilinguruma mchana kutwa, moshi ukituingilia. Walipoleta sola wakazima jenereta, tulipiga makofi. Kukawa kimya. Ndipo nikasikia jirani yangu, Wairimu, akimbembeleza mtoto wake ambaye tulikuwa tumeshamzika.

Nilienda nikaketi naye.

"Leo ndio umenisikia?" akaniuliza.

Wekeni sola, Wambui. Lakini mkishazima jenereta, msiharakishe kuondoka.

Shosho wako