Majuma Matatu ya Mukono wa Kushoto

Jumapili, tarehe 1 mwezi wa sita 2025 — Beni

Naandika na mukono wa kushoto. Mistari sita, dakika makumi mbili. "K" inaanguka, "m" ina miguu mine. Mutoto wa première, darasa la kwanza, angeniletea kazi kama hii, ningemurudisha ku kiti chake.

Wa kuume uko mu bande. Moto niliyopanda iliteleza ku barabara ya kuingia Beni, camion ya mbao ikapita na ngozi yote ya mugongo wa mukono. Mifupa mizima. Nilikuwa nakwenda ku mukutano wa badirecteur ba masomo, sisi bakubwa ba mashule. Ajenda: usalama wa banafunzi barabarani.

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa sita

Juma lililopita docta wa hapa alitoa ngozi ku paja langu, nyembamba kama ganda la kitunguu, akaibandika ku mukono. Greffe. Leo amefungua. Paja linaendelea vizuri, linauma kwa bidii. Ngozi iliyobandikwa imekuwa nyeusi kama chini ya sufuria.

Amenieleza kwa upole. Greffe inakuja bila damu yake, inakunywa ile inayoikuta. Kwangu ilikuta kano za bidole ziko uchi, haikupata cha kunywa. Donc niende Butembo, kwetu. Kuna docta mwanamuke ametumwa pale kwa mwaka mumoja. Anafanyaka lambeau.

— Lambeau ni nini?

Amesema, utaona. Sikuipenda ile utaona. Ni jibu ninalowapatiaka bazazi.

Jumamosi, tarehe 7 mwezi wa sita — Butembo

Docteur Clémence ni mutu wa Kananga. Mufupi, sauti ya chini, Kiswahili chake kinatembea na Kilingala bega kwa bega.

— Directeur, nitakata ngozi mu aine, mais hapana yote. Upande moya inabakia na mishipa yake ya damu. Pale nitashona mukono yako, ndiyo lambeau. Majuma tatu.

Nikauliza, pale wapi. Akanionyesha ku mwili wake mwenyewe, juu ya blouse, pale paja linapokutana na tumbo, bila haya yoyote. Muke wangu Virginie akatazama dirisha.

Nikasema, si mukate tu hiyo ngozi muilete juu? Akasema, ingekufa mu njia.

Sikuelewa. Aliyenielewesha ni jirani wa kitanda, Éphraïm, mulimaji wa Alimbongo aliyeungua muguu.

— Mwalimu, hii ni biazi bitamu. Kamba inatambaa, inashika udongo mupya, mama bado anainyonyesha. Ikisha kushika, unakata.

Docteur akasema, voilà. Yeye alisoma miaka kumi na tatu. Éphraïm aliachia mu quatrième primaire.

Bitu bibili Docteur ameniambia mbele ya kusaini. Ngozi hiyo itaendelea na desturi zake za zamani: nywele za kule zitaota ku mukono. Na nikinenepa tumbo, mugongo wa mukono nao utanenepa. Virginie ameuliza kama ni lazima bantu bajue. Docteur amesema mukono unaonekanaka.

Jumatano, tarehe 11 mwezi wa sita

Ilishonwa jana. Mukono wangu wa kuume uko ndani ya suruali yangu na hauwezi kutoka. Naandika kidogo.

Alhamisi, tarehe 12 mwezi wa sita

Kila saa infirmière anakuja. Anafunua shuka, anabonyeza ngozi na kidole, anaachilia, anahesabu. Inakuwa nyeupe, halafu rose, nyekundu hafifu. Ikirudi upesi, damu inapita. Ikichelewa, anaita docta. Halafu anaandika ku fiche. Na mukono wa kushoto. Maandishi mazuri sana, yamelala kidogo.

Asubuhi amesema:

— Mwalimu, hamunikumbuke.

Nikasema sura yake naijua. Uongo. Mu miaka makumi tatu na ine, sura zimepita kama mvua.

— Kavuo. Troisième B. Darasa lenu, mwaka wa elfu mbili.

Akaenda ku kitanda cha Éphraïm.

Troisième B. Hapo nikamukumbuka, kumbe si sura — mukono. Wakati ule tulifundishwa kwamba kushoto ni tabia mbaya, inatolewa mapema kama jino bovu. Benzangu walipiga. Mimi sikupiga. Nilikuwa na kipande cha kitenge mu tiroir ya meza, nikafunga mukono wa kushoto wa mutoto ku banc, benchi lake, polepole, bila kuumiza, mupaka saa ya kutoka. Nilijisifu mbele ya bainspecteur: mimi sipigi, nafunga tu.

Jumapili, tarehe 15 mwezi wa sita

Baada ya misa, Mama Rébecca wa comité ya bazazi alikuja kuniombea. Alikuja na bamama wengine babili na rozari. Wakasimama ku miguu ya kitanda. Nikaona macho yake yanashuka ku shuka, yanakuta mukono wangu unakwenda wapi, yanafungwa. Aliomba akiwa amefunga macho kwa muda murefu kuliko desturi yake.

Mwisho akainama:

— Directeur. Mbele ya bantu?

Virginie akaeleza mambo yote, mishipa, biazi bitamu. Éphraïm alicheka mupaka kitanda chake kikasogea. Mama Rébecca akasema Mungu ni mukubwa, lakini aliondoka nyuma-nyuma, na mukono hakunipa.

Jumanne, tarehe 17 mwezi wa sita

Nimesinzia baada ya chakula cha saa sita. Niliota nafundisha. Nikainua mukono niandike ku tableau.

Nilipoamuka Kavuo alikuwa juu yangu. Ngozi ilikuwa rangi ya biringanya. Alikuwa amekwisha kukata nyuzi mbili, na kushoto, makasi madogo. Akasukuma muto chini ya kiwiko changu.

— Musisonge. Hata kupumua, mupumue kidogo.

Akabonyeza, akahesabu. Nyeupe ikabaki nyeupe. Akahesabu tena. Docteur akaingia mbio na bottes za bloc, chumba cha operesheni, akasimama pembeni, hakugusa kitu. Dakika kumi, labda zaidi. Rose ikarudi ku pembe moja, halafu ikatembea polepole kama mutu anayerudi nyumbani bila kuwa na hakika kama mulango uko wazi.

Docteur amesema:

— Kavuo ndiye ameokoa. Miye nilikuwa bloc, ningekuta imeshakufa.

Halafu akasema kwamba mukono ufungwe ku mwili, usivute tena nikilala.

Kavuo akaleta bande. Akafunga kifundo, akapanda ku kiwiko, akazungusha ku kifua. Alifanya fundo. Tulikuwa tumekaribiana kama dawati na mwalimu.

— Inakaza sana, Mwalimu?

— Hapana.

— Ikikaza museme. Miye sikuulizwaka.

Hakusema na hasira. Alisema kama mutu anayesoma thermomètre. Akaenda kumupa Éphraïm dawa yake.

Jumatano, tarehe 18 mwezi wa sita

Nimefungwa. Pua inawasha.

Virginie ananilisha fufu na sombe. Éphraïm, ambaye hana siri, alimwambia yote aliyoyasikia jana na yote niliyomujibu aliponiuliza. Kijiko kikasimama hewani.

— Ulikuwa unafunga batoto?

— Zamani.

— Miaka makumi mbili na tisa niko mu nyumba yako. Hukunisemeaka.

— Hukuniuliza.

Amerudisha kijiko mu sahani na amekwenda kuchota maji. Ndoo ilikuwa imejaa.

Jumamosi, tarehe 21 mwezi wa sita

Elysée, musaidizi wangu ku masomo, amekuja na bulletins, ripoti za banafunzi za mwisho wa mwaka. Lazima zisainiwe na directeur mwenyewe. Nimesaini ya kwanza na kushoto. Ameitazama, ameigeuza, ameitazama tena.

— Directeur, ku bureau batasema huyu si weye.

Tulijaribu tano. Zote zilikuwa za bantu mbalimbali. Mwisho Elysée, kwa heshima nyingi, ametoa tampon ya wino. Nimetia kidole gumba. Bulletins mia tatu na kumi na sita. Bazazi ambao hawajui kusoma ndio banatiaka kidole kila mwaka mu daftari langu, na mimi nilikuwa nawashikia kidole, nikiwaambia waje ku masomo ya jioni.

Kavuo alipita, akaona kidole cheusi. Alinipa pamba na alcool.

Ijumaa, tarehe 27 mwezi wa sita

Nilitayarisha siku tatu maneno ya kumuomba Kavuo musamaha. Mu Kifaransa, sehemu tatu: muktadha wa wakati ule, nia njema ya mwalimu, masikitiko. Ilianza na "si jamais j'ai pu", yaani kama niliwahi. Nilikuwa nimeijaribu mbele ya Éphraïm, alisema ni nzuri, hakuna alichosikia.

Leo Kavuo alipokuwa anangoja thermomètre, nikaisema yote. Alisikiliza akiwa amesimama.

— Mwalimu, hii ni discours ya kufunga mwaka.

Akakaa ku pembe ya kitanda, kitu ambacho hakufanyaka. Akanihadisia. Ku nyumba mama yake alikuwa anamufungua mukono na kuusugua na mafuta ya mawese. Alikuwa anakula na kushoto chini ya meza, kama mwizi. Ku concours ya infirmières, mutihani wa kuingia, aliandika na kuume, kwa woga, na akashindwa. Mwaka uliofuata akaandika na kushoto.

— Semeni tu, Mwalimu.

Nikasema:

— Nilikosa.

Neno moja. Lilinipa kazi kuliko bulletins zote. Amesema aksanti. Ametoa thermomètre, ameandika ku fiche: makumi tatu na saba na mbili. Hakuna homa.

Nilidhani sasa imekwisha. Nililala vizuri kabisa, kama mutu aliyelipa.

Jumapili, tarehe 29 mwezi wa sita

Éphraïm amerudi Alimbongo. Greffe yake ilishika, ngozi ya muguu imekuwa na miraba-miraba kama wavu wa samaki. Ameniambia kwamba nikisha kukatwa nisisahau kumwagilia.

Docteur Clémence anasema majuma matatu yanatimia juma hili. Ilipaswa kuwa kesho, lakini kesho ni tarehe makumi tatu, hakuna bloc. Uhuru wa inchi utasherehekewa, uhuru wa mukono wangu utangoja Jumanne. Kesho ni jaribio tu.

Halafu, amesema, kutakuwa na operesheni ingine ya kupunguza unene, na miezi ya mazoezi. Nimemuuliza kama nitashika chaki. Amesema kushika, labda. Kuandika, hajui. Nimependa kwamba hajui. Virginie amemushukuru kwa sababu hiyo hiyo, nadhani. Tangu ile siku ya kijiko anaongea nami maneno yenye kazi tu.

Jumatatu, tarehe 30 mwezi wa sita

Inje muziki wa fanfare. Mu chumba niko peke yangu na Kavuo.

Amezungusha mupira mwembamba ku shingo ya ngozi, pale inapotoka ku aine, na ameukaza. Damu ya kule sasa imefungiwa njia. Dakika kumi na tano. Ngozi ikibaki rose, maana yake inakunywa ku mukono wenyewe, kesho bakate. Ikiwa buluu, juma lingine.

Ameweka saa yake ku shuka. Ameniambia:

— Andikeni. Musitazame. Mukitazama, mutavuta.

Donc naandika.

Dakika tatu. Anabonyeza. Inarudi.

Amesema bila kuinua macho kwamba ana mutoto, Jessica, miaka sita. Amemuandikisha kwetu. Mwezi wa tisa anaanza première. Sikujua. Jina liko mu daftari langu, labda nililitilia sahihi bila kulisoma.

— Anaandika na kushoto, amesema.

Nimesema ni vizuri. Nimesema neno hilo, vizuri, upesi sana.

Dakika tano. Rose, lakini pembe moja imekuwa nyeupe kidogo. Anainama. Anangoja. Inarudi.

— Mwalimu wa première ni nani?

— Mama Léa.

— Ni mutu wa namna gani?

Nimesema ni mutu mupole. Ni kweli. Hajapiga mutoto hata siku moja. Alikuja kwetu ana miaka makumi mbili, stagiaire, mwalimu wa mazoezi, alikaa mwaka muzima nyuma ya darasa langu na cahier, akiandika yote niliyofanya. Nilimupa cote bora, alama za juu, na funguo za tiroir zangu. Sijawahi kuingia mu darasa lake saa ya kuandika. Sikuona sababu. Kimya ni kizuri pale.

Dakika nane. Inarudi, polepole zaidi.

Kavuo ananitazama sasa. Anajua kwamba mwalimu akichelewa kujibu, anatafuta namna ya kusema.

— Mupole namna gani, Mwalimu?

Dakika tisa. Siwezi kusonga. Anabonyeza tena na kidole cha kushoto, na tunatazama bote babili ile doa nyeupe, kama jibu litatoka pale. Nimesema: alijifunza kwangu.