Goti la Zahran mbele ya ng'ombe

Shariffa, uko wapi? Acha kila kitu usome hapa. Natoka Wingwi kwenye mchezo wa ng'ombe, ule wa kumchokoza dume akiwa kambani, mbavu zaniuma kwa kucheka.

Unamjua Zahran wa Asya, mshambuliaji wa timu yetu ya mpira aliyepasuliwa goti mwaka jana. Mpaka leo hatembei bila mkongojo. Asya ndiye anayemchotea maji na kumvisha viatu, na huwa analia jikoni akidhani mume hatacheza wala kulima tena.

Leo kamleta atazame tu, kamkalisha kitini pembeni. Bi Maisa, fizio wake wa kumfanyisha mazoezi ya goti, naye alikuwapo.

Ghafla ng'ombe akakata kamba. Akaja upande wetu!

Shariffa, Zahran alikimbia. Nasema ALIKIMBIA! Mkongojo huku, kiti kule. Karuka ua wa makuti, kapanda mfenesi mpaka juu. Wallahi kapanda mfenesi!

Asya akabaki kaduwaa, kashika kiatu kimoja cha mumewe. "Bi Maisa, kumbe huyu alikuwa akinidanganya?"

"Hakudanganya, mwanangu. Goti lilipona zamani, nikamwambia. Ila aliogopa litakatika tena, mazoezi akayakataa. Leo kapata cha kuogopa zaidi."

Asya akacheka huku machozi yanamtoka. Mimi ndiyo usiseme.

Ng'ombe alipokwisha kufungwa, kapteni wa timu akaenda kusimama chini ya mfenesi. "Zahran, Jumamosi tukupange?"

Unajua kajibu nini? Yuko juu ya mti, Shariffa, juu kabisa!

"Kwa goti hili?"