Kura ya Risasi Mbili

Jumamosi, 2 Agosti

Uwanjani saa tatu kamili asubuhi. Baridi kavu. Upepo wa wastani kutoka kushoto. Shabaha ya mita mia moja. Risasi ishirini za milimita 5.5: kumi na tatu ndani ya duara, saba zilisukumwa kulia. Risasi ishirini za 6.35: kumi na sita ndani.

Papa Kasongo alijaza hewa kwenye bunduki kwa pampu ya mkono, kama kawaida. Mimi sisukumi. Tangu daktari aliponiwekea kimrija kwenye mshipa wa moyo, nimekatazwa kazi yoyote ya namna hiyo.

Tuna bunduki moja ya hewa kati yetu wazee wawili, na mitutu miwili ya kuazima. Muuzaji ametupa hadi mwisho wa mwezi. Mmoja tutabaki nao, mwingine utarudi, na baada ya hapo hatabadilisha tena. Mashindano ya jozi ni tarehe 6 Septemba. Kwa miaka minne tumekuwa tukimaliza karibu na mkia.

Kasongo anataka 5.5. Hoja yake ni hewa. Ujazo mmoja hutoa risasi arobaini zenye nguvu sawa, nazo ndizo tunazohitaji, ishirini kila mmoja. Kwa 6.35 ujazo hutoa kumi na nane tu, kisha pampu tena. Mimi nataka 6.35. Risasi nzito haiyumbishwi sana na upepo, na huu ni msimu wa upepo. Sababu yangu ya pili sikumtajia: tundu lake ni kubwa, macho yangu huliona kwenye darubini bila taabu.

Tulibishana tangu uwanjani hadi robot ya mwisho ya Jules Street, kama wanavyoziita hapa taa za barabarani. Hatukuafikiana.

Jumapili, 3 Agosti

Baada ya ibada Kasongo alipendekeza tupige kura. Katika kanisa letu wazee huteuliwa kwa kura baada ya maombi. Mimi mwenyewe niliteuliwa hivyo. Nilipokuwa mwalimu wa chuo cha Biblia kule Machakos, nililifundisha somo hilo kwa miaka mingi: mwanadamu huondoa mkono wake, Mungu huweka wake.

Tulikwenda kwenye karakana yake ya ushonaji hapa Malvern, mtaa wetu huku ugenini. Tuliomba tukiwa tumepiga magoti kati ya vipande vya vitambaa. Kasongo akatafuta karatasi. Nikasema hapana haja, tutumie risasi zenyewe, moja ya kila kipimo, ndani ya kifuko chake cha vifungo. Akaniachia nichomoe mimi, kwa kuwa nimemzidi umri.

Nilichomoa 6.35. Kasongo akasema amina. Suala limekwisha.

Jumamosi, 9 Agosti

Mtutu wa 6.35 umefungwa. Kasongo alijaza mara nne. Alipampu huku akiimba pambio. Jirani yetu wa meza, mhandisi mstaafu, alimuuliza kama anajaza tairi la lori.

“Najaza kanisa, mzee,” Kasongo akamjibu. “Kaa mbali, utaokoka.”

Katika ishirini za mwisho, kumi na saba ndani ya duara. Nimeridhika.

Jumatano, 13 Agosti

Sikuweza kusoma leo. Nilichukua risasi mbili, nikazitia ndani ya soksi, nikafumba macho. Nilichomoa mara kumi. Mara kumi nilijua ninachochomoa kabla hakijatoka.

Mtoto angelijua hilo. Moja ni pana kuliko nyingine na uzito wake ni karibu mara mbili. Kura ya namna hiyo si kura.

Najiuliza kama nilikusudia. Nakumbuka kidole changu kiligusa ile ndogo kwanza. Kikaiacha. Hayo ndiyo ninayoyajua kwa hakika.

Jumamosi, 16 Agosti

Upepo mkali. Vumbi la njano kutoka kwenye lundo la mgodi wa zamani lilifunika meza zote. Risasi ishirini za mwisho, kumi na nane ndani ya duara. Hatujawahi kupiga hivyo. Mhandisi alikuja kuitazama karatasi yetu, akaondoka bila mzaha.

Kasongo alijaza mara tano. Mara ya mwisho alisimama katikati, akashika bega la kulia, akaendelea. Hakuimba.

Sikusema kitu. Karatasi ile ilikuwa nzuri mno.

Jioni mkewe, Mama Ruth, alipiga simu kuuliza tunafanya kazi gani huko. Mumewe hawezi kuinua mkono kukata kitambaa, na kuna sare za kwaya za kumaliza kabla ya Ijumaa. Nikasema nitazungumza naye.

Jumapili, 17 Agosti

Wakati wa ushuhuda Kasongo alisimama. Aliwaeleza waumini kwamba wazee wawili walishindwa kupatana, wakamwachia Bwana, na Bwana akachagua. Alisema bega linamuuma lakini anashukuru, maana ni maumivu ya utii. Watu wakapiga makofi. Akanivuta mkono nisimame naye.

Nilisimama. Nikasema amina pamoja nao.

Nimewahi kuwaombea walevi na wazinzi wakitubu. Sikumbuki kujiona mchafu kama leo.

Jumanne, 19 Agosti

Nilikwenda karakanani kumwambia. Palikuwa na wateja wawili. Nikanunua zipu nisiyoihitaji, nikarudi nyumbani.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimemwambia. Tulikuwa ndani ya bakki, pikapu yake, tumeegesha uwanjani, pampu imelala miguuni pake. Nilisema yote kwa utaratibu: kwamba wazo la kutumia risasi lilikuwa langu, kwamba kidole kilitambua, kwamba nililijua jambo hilo tangu Jumatano ya wiki iliyopita nikamwacha apampu Jumamosi na kushuhudia Jumapili.

Aliisukuma pampu kando kwa kiatu.

“Mwalimu,” akasema, “miye nilipiga pompe wiki mbili. Bega likiuma, nasema, ni ya Mungu hii. Kumbe ni ya Mwalimu.”

Nikasema ndiyo.

“Na kanisani ulisimama pembeni yangu.”

Nikasema ndiyo.

Aliwasha gari. Hatukupiga hata risasi moja. Aliponishusha, hakuzima injini.

Jumatano, 27 Agosti

Kimya. Simu yake inaita, haipokelewi. Mama Ruth anasema yuko kazini. Mitutu yote miwili iko kwangu. Siku nne zimebaki za kurudisha mmoja. Nilidhani ninahofia mashindano. Sivyo. Katika jiji hili nina binti, wajukuu wanaonijibu kwa Kiingereza, na Kasongo.

Ijumaa, 29 Agosti

Alikuja mwenyewe, saa nne asubuhi, na utepe wake wa kupimia shingoni. Hakuketi. Alitoa masharti mawili. Kura haitapigwa tena. Atachagua yeye, kwa kupiga na kupima, nami sitatia neno. La pili: ushuhuda aliutoa mbele za watu, basi utasahihishwa mbele za watu, na atakayesahihisha ni mimi.

Nilikubali yote mawili.

Jumamosi, 30 Agosti

Alipiga kumi kwa kila mtutu, polepole, akipumzisha bega. Akapima kila tundu kutoka katikati kwa utepe, kama anayepima kola. Kwa 6.35 matundu yalikaribiana zaidi. Aliliona, nami nililiona. Akatazama pampu.

“5.5,” akasema.

Sikutia neno. Mchana tulipita mjini, tukaurudisha mtutu wa 6.35. Muuzaji aliufuta vumbi, akautundika ukutani.

Jumapili, 31 Agosti

Nilisahihisha ushuhuda. Dakika tatu. Kijana mmoja nyuma alicheka, akanyamazishwa. Mchungaji ameniomba nipumzike uzee wa kanisa hadi mwaka mpya. Ni haki.

Kasongo alikaa kiti chake cha kawaida. Hakuniangalia. Hakutoka nje pia.

Jumapili, 7 Septemba

Mashindano yalifanyika jana. Upepo wa kushoto tangu risasi ya kwanza. Kasongo alijaza mara moja tu. Alinisomea upepo kwa kuitazama bendera, neno moja moja, nami nilifanya alivyosema. Jozi kumi na moja. Sisi tulikuwa wa saba. Walioshinda walitumia 6.35.

Tulifunga vitu bila haraka. Mhandisi alitushika mikono. Njiani tulisimama kununua chai, Kasongo akakishika kikombe kwa mkono wa kulia.

Tulipokaribia Jeppestown aliniuliza, bila kugeuka, “Mwalimu, unajuta tulirudisha ile kubwa?”

Nilifikiri kwanza.

“Ndiyo,” nikasema. “Ninajuta.”

“Bon, vizuri,” akasema. “Hata miye.”

Akaendesha hadi nyumbani.