Matundu Yako Yalikuwa Safi, Baba

Baba yetu mpendwa, Mzee Rangappa,

Ni mwaka mmoja sasa tangu ulipotutoka, na hasira bado haijatutoka.

Miaka thelathini na moja uliwatobolea wataalamu wa ndege wa Bengaluru matundu ya kupimia mgandamizo wa hewa, kwenye ukuta wa lile handaki lao la majaribio ambamo upepo hupita mbio kuliko sauti. Matundu membamba kuliko sindano. Kila moja ulilipitishia unywele wa Mama kulihakiki. "Mama Pavithra, usikisafishe kitana, nina kazi leo," ulikuwa ukimtania huku ukipuliza kahawa yako.

Kisha tundu la saba likaonyesha mgandamizo umepanda kabla ya pale lilipokuwa wimbi la mshtuko, mahali hewa inapobanwa ghafla; na hewa iendayo mbio kuliko sauti haipati habari ya kilicho mbele yake. Ilikuwa siku moja baada ya Ayudha Puja, sikukuu tunapovibariki vifaa vya kazi kwa kuvipaka manjano.

"Mzee, manjano ya puja yako yameziba tundu!" mkuu wako alifoka mbele ya watu.

"Manjano nilipaka mashine, bwana. Ukuta sikuugusa. Ona, unywele unapita."

"Sasa hewa imejuaje kuna wimbi mbele?"

"Hewa inayogusa ukuta inajikokota, bwana. Wimbi likiikuta, linaisukuma irudi nyuma."

"Haloo! Fundi katufundisha upepo!"

Wakacheka. Wakakutupa stoo ukagawe boliti hadi ulipostaafu. Hukupaka manjano kifaa chochote tena, hata baiskeli yako. Hilo ndilo linalotuuma.

Mwezi wa tatu ripoti yao imetoka. Eti wamegundua kwamba wimbi huirudisha nyuma hewa ya ukutani, na mgandamizo hupanda mapema. Vipimo ni vya tundu la saba, vilevile! Wamemshukuru hata mpishi wa kantini. Wewe hawakukutaja. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni!

Juzi tuliwawekea kunguru, ambao kwetu hula kwa niaba ya marehemu, wali wako wa mwaka juu ya paa. Hawakuugusa. Tukajua una jambo moyoni.

Mama, ambaye kwa heshima ya wake wa kwetu hakuwahi kulitamka jina lako miaka arobaini ya ndoa, alisimama akapaza sauti majirani wote wasikie: "Rangappa ndiye aliyetoboa tundu la saba, na lilikuwa safi!"

Kunguru akatua, akala.

Unakumbukwa na mkeo Girijamma, wanao Pavithra na Somashekhar, mkweo Lokesh na wajukuu zako.

Jina lako tutalitaja daima.