Uso wa Marehemu Tumboni mwa Jirani

Mpendwa Bi Raina wa safu ya ushauri, naomba unisikilize bila kunicheka, maana kazini nikisema wataniambia nikapumzike na nyumbani sina wa kumwambia. Mimi ni muuguzi hapa mjini Vidin, kazi yangu ni kupitia picha za kile kidonge chenye kamera ambacho mgonjwa hukimeza kikashuka utumbo mwembamba kikipiga picha njia nzima, kisha kwenye kompyuta picha zenye giza nazitia mwanga na kuzikoleza rangi, na zenye mashaka naziwekea alama ili Dokta Hadzhiev azitazame. Majuzi ilikuwa zamu ya jirani yangu wa ghorofa ya chini, shangazi Tsonka, anapungukiwa damu na hakuna anayejua inavujia wapi. Alikimeza huku akinitania, "Mwanangu, ukimkuta Stamen humo ndani, mwambie aje achukue kofia yake." Stamen ni mumewe, alifariki majira ya baridi, na picha yake ingali kwenye karatasi ya tanzia iliyobandikwa mlangoni mwa jengo letu, naipita kila nikitoka.

Bi Raina, nilimkuta. Picha ilikuwa giza na povu tu, nikaitia mwanga, macho yakatokea, nikaikoleza, yakatokea na masharubu. Picha iliyofuata, yumo. Iliyofuata tena, yumo, ila kichwa kimegeukia kushoto, kisha kulia, kisha kushoto, nikamuuliza kwa sauti, "Mzee Stamen, nikufiche?" naye akaendelea kutikisa kichwa huku na huku, na unajua kwetu hiyo ni ndiyo. Nikazirudisha picha zote kwenye giza lake, sikuweka alama, dokta akaandika utumbo ni safi. Sasa nikipita mlangoni nahisi ile picha inasubiri jambo kwangu, na shangazi anazidi kupauka huku akiniletea banitsa, andazi lake la malenge, kunishukuru. Nimwambie nilichokiona, au ninyamaze?

Mwoga wa Ngazi

Mwoga wangu, pole. Uso unaoupita kila siku hukaa machoni, na picha ukiikoleza kupita kiasi hata povu huota masharubu. Kwa hilo sikulaumu. Nakulaumu kwa sababu ulimwogopa maiti ukamsahau mgonjwa. Kidonge kinachotembea hakipigi mahali pamoja picha baada ya picha. Uso uliyumba kwa sababu kidonge kilikuwa kikiyumba, na kiliyumba bila kusonga mbele kwa sababu kilikwama, pengine palepale damu inapovujia. Je, shangazi amekiona kikitoka? Hukuuliza. Unakula banitsa tu.

Weka gazeti chini umpigie simu. Habari za mumewe ziache. Mwulize kama kidonge kimetoka na kama tumbo linamsokota. Hata akisema hajui, apigwe eksirei leo. Kisha mfungulie Dokta Hadzhiev picha zile, kwanza kama zilivyotoka kwenye kamera, halafu zilizotiwa mwanga, na ukiri kwamba ulizificha. Atafoka. Mwache afoke.

Na mzee Stamen? Mimi siapi kwamba hakuwemo. Ila mume aliyezeeka na mkewe hawezi kukuomba umwache huyo mkewe gizani. Kama kweli alijibu ndiyo, basi alijibu swali ambalo hukumuuliza: ni hapa damu inapovujia? Mlangoni pale pana nafasi ya karatasi nyingine, binti yangu. Nenda kabla haijabandikwa.