Ukurasa wa Viatu vya Baba

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe, wifi, na wale mapacha ambao nasikia sasa wanagombania mswaki mmoja. Natumaini kifua kimepona na ile zamu ya alfajiri wamekuondolea. Sisi huku ni wazima, kwa maana ya kwamba hakuna aliyelazwa. Mama goti bado linamsumbua akipanda ngazi, ila mdomo hauna tatizo lolote. Anakusalimia na anauliza kama unakula.

Barua yako nimeipata. Niliisoma nimesimama jikoni, halafu nikaisoma tena nimekaa. Umenisema, kaka, na mengine yameniingia hadi mfupani. Unasema Baba alikuambia kwenye simu kwamba nimemharibia jina na amenipiga marufuku kukanyaga karakana yake, lakini hakutaka kueleza nimefanya nini. Kisha unashangaa kwa nini tunalia hali ngumu wakati ukurasa wa viatu unastawi kila ukiufungua: wafuasi wengi, sifa tele, Baba anatabasamu. Sikulaumu. Kwa huko uliko, unachokiona ni huo ukurasa tu. Nimeamua kukuandikia kwa kalamu kwa sababu haya nikiyasema kwa sauti nitashindwa kumaliza, na ujumbe wa simu siuamini tena.

Nianze pale tulipoanzia. Unakumbuka ulipoondoka wateja walikuwa wameanza kupungua. Baadaye waliisha kabisa. Watu walikuwa wananunua viatu vya dukani, vikichanika wanatupa. Nilikuwa nikitoka kazini nampitia Baba, namkuta anapiga msasa soli ambayo alishaipiga msasa jana yake. Ndipo nikamwambia tufungue ukurasa mtandaoni. Akaniuliza ni kichaa gani atanunua kiatu bila kutia mguu. Nikamweleza kwamba mtu ataweka mguu juu ya karatasi, atauchora kwa penseli, ataweka rula pembeni, atapiga picha na kututumia. Alicheka mpaka akatema misumari aliyokuwa ameibana mdomoni. Lakini kesho yake nilimkuta anachora mguu wake mwenyewe.

Nilijifunza kazi ile kwa kukosea. Picha za taa ya simu zilifanya ngozi ionekane kama plastiki, tukahamia mlangoni, kwenye mwanga wa asubuhi. Nilikuwa sitaji bei, nikidhani watu wataniuliza. Hawakuuliza, walipita tu. Nilipoanza kuandika bei wazi, wakasimama. Niliona pia kwamba mteja akiandika lazima umjibu mapema, hata kama ni kumwambia tu umemwona, na kwamba usimwahidi siku ambayo mikono ya Baba haiwezi kuifikia. Yeye alitaka tuuze kila kitu, viatu vya harusi, makubazi, mikoba. Nikambembeleza tuanze na aina moja, viatu vyeusi vya kufunga kamba, mpaka watu watujue. Akanuna siku nzima, kisha akakubali.

Hata hivyo, hakuna kilichotusaidia kama ile picha yake. Miwani imeshuka puani, kiatu kiganjani, amekishika kama aliyebeba kifaranga. Niliipiga kwa bahati tu akiwa hana habari. Nilipoiweka, watu wakamiminika. Tukaifanya ndiyo sura ya ukurasa. Baba akasema kama uso ni wake, basi na namba ya simu iwe yake, maana mwenye duka ndiye anayepokea simu. Nikaona ni haki yake.

Kaka, ungemwona siku zile. Alikuwa ananiamuru nimsomee maoni yote, mabaya kwanza. Majibu alikuwa anayatunga mwenyewe, mimi naandika. Kuna bwana mmoja alilalamika kiatu cha kulia kinambana. Baba akasema mwambie asilaumu kiatu, alichora mguu akiwa amekaa, na mguu wa mtu aliyekaa si mguu wa mtu aliyesimama. Alete kitanuliwe bure. Mama alianza kumwita Meneja. Alikuwa anakataa jina hilo, lakini akiitwa hivyo anaitika.

Halafu asubuhi moja nikiwa kazini nikajaribu kuingia kwenye ukurasa, ukanikataa. Neno la siri limebadilishwa. Kabla ya mchana viatu vyetu vilikuwa vimetangazwa kwa nusu ya bei, na chini yake imeandikwa mteja alipe yote kwanza, kwa namba ambayo si yetu. Picha ni ya Baba. Maneno yameandikwa kana kwamba Baba ndiye anayesema. Ukurasa umeibwa, kaka. Tangu siku hiyo haujawahi kurudi mikononi mwetu, na kila ulichosoma humo miezi yote hii kimeandikwa na mtu tusiyemjua.

Usifikiri nilikaa tu. Niliwaandikia wenye mtandao, nikajibiwa na mashine kwamba wamepokea ujumbe wangu na kwamba ili kuthibitisha kuwa mimi ndiye mwenyewe watanitumia namba za siri kwenye simu iliyosajiliwa. Simu iliyosajiliwa sasa ni ya mwizi. Nilikwenda polisi. Askari alinisikiliza kwa upole, akauliza kitu kilichoibwa kina rangi gani na kilikuwa kimewekwa wapi. Akaandika. Akaniambia nikimpata mwizi nimlete. Nikafungua ukurasa mwingine na kuwatahadharisha watu. Yule mwizi akaandika kwenye ule wa zamani kwamba kuna tapeli ameiga jina la mzee wetu, wateja wamripoti. Wakaniripoti. Wateja wetu wenyewe, wale ambao nilikuwa najua ukubwa wa miguu yao, ndio walionifungia ukurasa.

Kisha waliotapeliwa wakaanza kuja karakanani. Wa kwanza alikuwa mama mmoja muuza mboga, na binti yake anayeanza shule. Wakati huo Baba alikuwa ameshaacha kusema na mimi, haya nilisimuliwa na fundi cherehani wa mlango wa pili, aliyekuwepo. Anasema yule mama alisimama mlangoni, akamtazama Baba, akatazama simu, akasema, "Ni wewe." Baba akamweleza kwamba ukurasa umeibwa, si sisi. Yule mama hakupaza sauti. Alimwambia, "Mzee, mimi sikumlipa mwizi. Nimelipa kwa sababu ya uso wako."

Baba akaweka nyundo chini. Akamkalisha yule mtoto kwenye benchi, akampima mguu.

Alimshonea viatu na hakupokea chochote. Niliposikia nililia, nikajivunia kuwa mwanawe, nikadhani yameishia hapo. Lakini yule mama, kwa moyo wake mwema, alikwenda kwenye ule ukurasa akaandika kwamba amepata viatu, ni vizuri, watu wawe na subira. Akaweka na picha ya mtoto amevivaa. Waliokuwa na mashaka wakaona ushahidi, wakalipa. Waliolipa, wasipoletewa kitu, wakauliza karakana iko wapi, wakaja. Baba akawapima miguu. Nao walipopata viatu wakaandika sifa.

Unaelewa, kaka? Mwizi amepata fundi asiyemlipa. Anauza, Baba anashona. Kama Baba angewafukuza, ukurasa ule ungekuwa umekufa zamani kwa matusi. Ni uadilifu wa Baba unaoulisha. Zile sifa unazozisoma ni za kweli, na viatu ni vyake kweli. Ngozi aliyokuwa ameiweka akiba ilikwisha. Akauza cherehani ya viatu, ile kubwa tuliyokuwa tukikatazwa kuigusa, akanunua ngozi nyingine. Sasa anashona kwa mkono. Vidole amevifunga vitambaa. Mama alimwambia atamaliza nyumba, akamjibu kwamba watu wameuona uso wake wakatoa hela yao, na yeye hana uso mwingine wa kutokea nao nje. Fundi cherehani naye alijaribu kumweleza jinsi sifa zile zinavyomnufaisha mwizi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa huyu aliyesimama mlangoni nimwambie nini?"  

Zile jozi mbili unazosema umewaagizia mapacha ili kumtia moyo mzee, malipo yake yamekwenda huko huko. Tafadhali usimwambie kwamba uliagiza. Atazishona.

Sasa nifike kwenye hilo ulilonisema. Baba anaamini ukurasa uliibwa kwa uzembe wangu, kwamba nilibonyeza kiungo cha matapeli nikiwa kazini na kuwafungulia mlango. Anaamini hivyo kwa sababu ndivyo nilivyomwambia. Si kweli.

Jioni ya siku ile ule ukurasa uliponikataa, nilipitia karakanani, nikaomba simu yake nikisingizia nataka kupiga. Nikakuta ujumbe wenye zile namba za siri, na mara baada yake, simu kutoka namba ngeni, maongezi marefu. Nikamuuliza kwa utani ni nani huyo anayempigia mzee wangu. Akafurahi kuulizwa. Akasema ni kijana mmoja mwenye adabu sana, kutoka ofisi ya mtandao. Amempongeza kwa uaminifu wake, wanataka kuuwekea ukurasa wake alama ya fundi anayeaminika, wanahitaji tu awasomee namba walizomtumia. Akavaa miwani, akamsomea. Akazirudia mara ya pili ili kijana wa watu asikosee. Alikuwa hajaniambia kwa sababu alitaka nije niikute alama yenyewe. Akaniuliza kama wameshaiweka.

Nikamwambia bado.

Niliufuta ule ujumbe hapo hapo, nimempa mgongo. Nilipokuja kumwambia kwamba tumeibiwa, aliuliza wameingiaje, na nikaona macho yake yanaanza kuitafuta ile simu mezani. Kaka, alikuwa anaelekea kujua. Nikawahi. Nikasema ni mimi, ni kiungo, nilikuwa na haraka.  Akaniuliza tena, polepole, kama ambaye angependa nibadilishe. Nikarudia yale yale. Ndipo akaniambia nitoke.

Hili halijui Mama wala fundi cherehani, na ushahidi sina, maana niliufuta mwenyewe. Unaweza usiniamini. Nimekuambia kwa sababu hasira ya Baba nilijua nitaibeba, lakini yako sikuwa nimejiandaa nayo, na mkinichukia wote wawili sitaweza. Sikuambii ili umweleze. Nilishawahi kufikiri kwamba akijua ataacha kushona, apumzike. Hapana. Atashona zaidi, na hatakula. Mwache aamini ana binti mzembe. Hilo analimudu.

Mimi nilidhani atanuna kama alivyozoea, wiki zipite, aniite. Hajaniita. Nikipita barabara ya mbele ya karakana anainamisha kichwa kwenye kazi. Juzi tu fundi cherehani alinifuata akasema mzee ameishiwa uzi wa nta na mwenye duka hamkopeshi tena, amesema "yule" aulete. Yule ni mimi. Nimeununua, uko hapa mezani ninapoandikia. Kesho nitauacha kizingitini nisigonge mlango. Najua utashona viatu vya nani na hela yake inaliwa na nani. Nitaupeleka, kwa sababu ndicho kitu pekee alichoniomba.

Nimechosha macho yako, naomba unisamehe. Msalimie sana wifi, na uwabusu mapacha, kila mmoja kwa wakati wake wasije wakagombana. Mama anasema ujifunike kifua, baridi ya huko hailingani na ya huku. Ukimpigia Baba, usimtaje binti yake. Muulize tu habari za kazi. Atakuambia wateja ni wengi. Mpongeze.

Ni mimi mdogo wako,
Kiduchu