Bunduki Uliyoniachia, Mama

Kwako Mama, uliyemzaa Baraka wangu,

Mwanao anasema kumwandikia mtu aliyekwishazikwa ni kupoteza wino. Huenda ni kweli. Lakini nimetoka shifti sasa hivi, miguu imevimba, usingizi umegoma, na wewe ndiye niliyezoea kukaa naye mezani asubuhi kama hii, mimi nikirudi kutoka kazini ghalani, wewe umeshachemsha chai.

Nakumbuka ulivyokuja. Mzee alikuwa amefariki, umebaki peke yako Songea, tukaona bora uje kwetu Toronto. Tulidhani tunakuokoa. Ukakaa Rexdale, ghorofa ya tisa, majira mawili ya baridi mfululizo, ukiangalia mabasi ya barabara ya Kipling yakipita. Mjukuu wako Neema ulimsemesha Kiswahili, akakujibu Kiingereza, mkaishia kutabasamu. Baraka alikuuliza, "Mama, umekula?" ukasema umekula, na mazungumzo ya siku yakawa yamekwisha. Ukizidisha neno, lilikuwa lile lile: "Nirudisheni nyumbani."

Kisha tukaenda kukununulia viatu vya theluji, mimi na wewe, katika lile duka la vifaa vya uwindaji na uvuvi. Nilikuwa nimepiga magoti nakutafutia kiatu cha pili, nikainua kichwa, hupo. Nikakukuta umesimama mbele ya ukuta wa bunduki, mguu mmoja na kiatu, mwingine na soksi.

"Mama Neema," uliniita bila kugeuka, "hii ni SAR."

Muuzaji akaja, akatueleza kwamba bunduki za aina ile zilitoka katika maghala ya jeshi la Urusi, za zamani, siku hizi watu wanazinunua kwa kujifurahisha tu, kulenga shabaha mwisho wa wiki. Nilikutafsiria. Ukacheka puani. "Kwa kujifurahisha! Sisi tulilala nazo kitandani."

Ndipo nikajua. Miaka sita nimeolewa kwako na sikuwahi kusikia kwamba ulipomaliza shule ulipelekwa kambi ya jeshi pamoja na wasichana wenzako, mwaka mzima. Kwenye basi kurudi nyumbani uliongea tangu kituo cha kwanza mpaka cha mwisho: mchakamchaka wa alfajiri, uji wenye wadudu, afande aliyewaimbisha mpaka sauti zikakauka. Mikono yako ilikuwa inacheza hewani. Mimi nilikuwa nimechoka vibaya siku ile, lakini nilisikiliza, na nikawaza: kama kuni za kuwasha maneno yako ndizo hizi bunduki, basi nitazinunua.

Nilihudhuria mafunzo, nikafanya mtihani, nikajaza maombi ya leseni. Lakini fomu ya hapa inataka mume naye aweke sahihi, na Baraka akakataa katakata.

"Mke wangu, una akili? Watu weusi sisi, Rexdale hii, uingie kwenye lifti na bunduki? Na Mama Abdi wa ghorofa ya tano atatuonaje?"

Mama Abdi alikuwa amemzika mwanawe kiangazi kile, kijana aliyepigwa risasi kituoni akisubiri basi. Wewe mwenyewe ndiye uliyempikia ubwabwa, mkakaa kimya sebuleni kwake, wewe na Kiswahili chako na yeye na Kisomali chake.

Hukubishana na mwanao. Ulisema tu, "Basi, baba, acheni," ukarudi dirishani. Nadhani ule urahisi wa kukubali ndio uliomshinda. Wiki kadhaa zikapita, asubuhi moja nikakuta fomu mezani, imesainiwa. Nikaituma siku ile ile.

Leseni ilipotoka tukainunua SAR yako, ikaja imepakwa grisi nzito ya rangi ya asali, kila tundu. Jumapili nzima baada ya misa tulikuwa bafuni na maji ya moto na fulana kuukuu za Baraka, tukiikwangua. Kuifungua ulikumbuka nusu, nusu iliyobaki tukaitazama kwenye video. Tuliitia kwenye mfuko wa kinanda, na jirani akauliza kwenye lifti kama Bibi anapiga muziki kanisani. Nilipokutafsiria ukajibu kwa utulivu, "Mwambie kidogo kidogo."

Siku ya kwanza kwenye uwanja wa kulenga shabaha, kaskazini ya mji, ulivaa zile ngao za masikio juu ya kilemba, ukaegemea meza, ukavuta pumzi, ukafyatua. Hukupata kitu. Ukafyatua tena. Karatasi ya shabaha ilibaki safi kama ilivyotoka dukani. Nikaogopa utavunjika moyo. Ukaiweka chini, ukashika bega lako, ukacheka mpaka machozi. Sikuwahi kukusikia ukicheka hivyo katika nyumba yangu.

"Hata zamani nilikuwa sipati," ulisema. "Afande aliniambia adui akija nimpigie kelele tu."

Njiani ukaniambia jambo ambalo nimelibeba mpaka leo. "Mama Neema, nilitoka mikononi mwa baba nikaingia mikononi mwa mume. Kule kambini, mwaka ule mmoja, ndiko nilikoitwa Veronika."

Tulikwenda karibu kila mwezi, mpaka macho yako yalipoingiwa na ukungu na bega likakataa. Kisha moyo. Daktari aliposema hakuna kubwa la kufanya, Baraka akakata tiketi bila kubishana, na hukuhitaji kuomba tena kurudishwa. Mazishi tuliyaona kwenye simu, picha ikikatika. Siku iliyofuata niliingia kazini kama kawaida, kwa sababu ndivyo tunavyoishi hapa.

Bunduki ilibaki kabatini na kufuli lake. Majuzi Baraka alisema hawezi kuendelea kulala nayo chumba kimoja, akaitangaza iuzwe. Sikuwa na nguvu ya kubishana. Ila Jumamosi, tukinywa chai, akasema ghafla, "Nipeleke alikokuwa anakwenda Mama."

Nilimpeleka. Hakutaka kupiga. Alikaa kwenye ile meza, akanyoosha mkono juu ya mbao, akauliza, "Alikuwa anakaa hivi?"

"Mbele kidogo. Kiti kilikuwa kirefu kwake."

Akasogea mbele. "Mlikuwa mnaongea nini njia yote hiyo?"

Nikamweleza, Mama. Uji, mchakamchaka, afande, jina lako. Alikuwa hajui hata moja. Alisikiliza ameinamisha kichwa, watu wanapiga risasi kushoto na kulia, na mwanao analia bila kujifuta. Tulipokuwa tunakusanya vitu simu yake ikaita. Alikuwa mnunuzi, anataka kuja kuiona jioni. Baraka alinitazama, akatazama ile bunduki, akamjibu, "Samahani, ndugu. Imeshapata mwenyewe."

Chai yangu imepoa na Neema anaamka. Lala pema, Mama Veronika. Sisi huku tunachoka, lakini tupo.

Mkweo akupendaye,
Mama Neema